PCIT: Huduma ya Kumnong'oneza Mzazi Sikioni Mtoto Anapogaragara

Mtoto wa miaka mitatu amejibwaga sakafuni. Miguu inapiga chini, uso umeiva, mayowe yamejaa chumba. Mzazi ameshainama juu yake, kidole kimenyooka, na ile sentensi inayoanza na "Wewe mtoto..." imeshafika kwenye ncha ya ulimi. Hapo kifaa kilicho sikioni mwa mzazi kinasema kwa sauti ya chini: "Usimtazame. Chukua tofali lako. Endelea kujenga."

Sauti hiyo ndiyo unayolipia. Huduma inaitwa PCIT, kifupi cha jina la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili tungesema tiba ya mahusiano ya mzazi na mtoto. Ilibuniwa Marekani miaka ya 1970 na mwanasaikolojia Sheila Eyberg, kwa ajili ya watoto wa miaka 2 hadi 7 wanaogoma, wanaopiga na wanaogaragara kila wakiambiwa hapana. Mzazi na mtoto wanacheza chumbani. Mtaalamu amekaa nyuma ya kioo kinachoonyesha upande mmoja, au siku hizi yuko upande wa pili wa simu ya video, na maelekezo yake yanaingia sikioni mwa mzazi bila mtoto kusikia.

Inatangazwa kama tiba ya tabia ya mtoto, na jina linaloandikwa kwenye faili ni la mtoto. Ukiitazama inavyofanya kazi utaona kwamba kinachofanyiwa matengenezo ni mdomo wa mzazi. Kwa mtu ambaye subira humwisha katikati ya mayowe, hiyo ndiyo sababu ya kuitafuta. Haimwombi awe mvumilivu kuliko alivyo. Inamkaririsha maneno machache mpaka yatoke yenyewe, ili pale anapochemka asiwe na haja ya kutunga jambo la kusema.

Kwanza, jinsi inavyopimwa, kwa sababu hapa ndipo inapozipita huduma nyingi za malezi. Kabla ya kuanza, mzazi hujaza dodoso la maswali 36 kuhusu tabia za mtoto, kila moja likipewa alama 1 hadi 7 kulingana na mara zinavyotokea. Jumla inaweza kuwa kati ya 36 na 252. Ikifika 131 inahesabiwa kuwa tatizo linalohitaji tiba. Dodoso hurudiwa mara kwa mara, na kazi haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka alama zishuke hadi 114 au chini, mzazi awe amefikia viwango vya ustadi, na mwenyewe aseme anaweza kummudu mtoto wake. Hakuna kifurushi cha vikao sita kisha kwaheri. Familia nyingi hutumia vikao 12 hadi 20, kimoja kwa wiki, cha saa moja hivi.

Kazi yenyewe ina awamu mbili, na awamu ya kwanza ndiyo inayowachanganya watu. Mzazi amekuja akiwa hoi, anataka kujua afanye nini mtoto anapolipuka, anaambiwa akae chini acheze matofali. Wengi hudhani wamepotezewa muda. Lakini hapo ndipo mdomo unapofundishwa upya. Kwa dakika tano, mtoto anaongoza mchezo na mzazi anafuata. Anatakiwa kufanya mambo matano: kusifu akitaja tendo, kurudia anachosema mtoto, kuiga anachofanya, kusimulia anachofanya, na kuonyesha kwamba anafurahia. Anatakiwa pia kuacha matatu: kuuliza maswali, kutoa amri, na kukosoa.

Kiwango cha kufaulu ni namba kamili. Ndani ya dakika tano mzazi awe ametoa sifa 10 zinazotaja tendo, amerudia maneno ya mtoto mara 10, amesimulia tendo mara 10, na maswali, amri na makosoaji yote kwa pamoja yasizidi matatu. Mwanzoni mwa kila kikao kocha, yaani yule mtaalamu anayenong'ona sikioni, hunyamaza dakika tano na kuhesabu kwenye karatasi, kisha ndipo huanza kuelekeza. Sifa 10 kwa dakika tano ni moja kila nusu dakika. Si nyingi kwa kusikia, lakini mzazi mwenye hasira za wiki nzima huweza kumaliza dakika zote tano na sifa moja na maswali ishirini.

"Sifa inayotaja tendo" si "Hongera!" wala "Safi sana!" Maneno hayo yanapendeza, ila mtoto hajui ni lipi kati ya mambo manne aliyofanya limempendeza mzazi. Inayohesabiwa ni "Asante kwa kunipa kalamu taratibu" au "Nimependa ulivyosubiri zamu yako." Kocha mzuri akisikia "Safi!" hunong'ona mara moja, "Safi kwa nini?" na mzazi humalizia. Baada ya vikao vitatu vinne, mkia huo unajishona wenyewe.

Kwa mzazi anayezungumza Kiswahili kuna mtego ambao miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza haiutaji. Lugha yetu haibadilishi mpangilio wa maneno kutengeneza swali la ndiyo au hapana. "Unapanga matofali" ni usimulizi. Ukipandisha sauti mwishoni tu, ni swali. Mzazi anaamini anasimulia, kocha anaweka alama kwenye safu ya maswali, na wote wawili wana haki. Halafu kuna ile mikia yetu: "eti?", "sivyo?", "eeh?", "sawa?" Kila mmoja unageuza sentensi nzuri kuwa swali linalomtaka mtoto ajibu, na mtoto aliyekuwa ametulia katika mchezo wake sasa anadaiwa kitu. Ikiwa kocha wako hasikii Kiswahili na anafanya kazi kupitia mkalimani, hili litampita kabisa. Ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana, maana huduma nzima inategemea sikio la kocha.

Vifaa vya kuchezea navyo vina kanuni. Vinavyofaa ni vile visivyo na mshindi wala njia moja ya kuvitumia: matofali, kalamu za rangi na karatasi, wanyama wa plastiki, nyumba ya wanasesere. Visivyofaa ni michezo yenye sheria na zamu, bunduki za kuchezea, mipira, rangi za maji, na chochote kinachomlazimu mzazi kuanza kusema "usimwage". Kifaa kibaya kinaleta amri, amri inaleta ubishi, na dakika tano zimekwenda.

Mlipuko ukitokea katika awamu hii, dawa ni kupuuza kwa makusudi, na hapa ndipo kifaa cha sikioni kinapojilipa. Tuseme mnara umeanguka, mtoto ametupa tofali moja pembeni na kujilaza kifudifudi akipiga kelele. Mzazi akimtazama tu, kocha anasema: "Uso ugeuze." Mzazi anageuka. "Simulia mchezo wako." Mzazi anasema, sauti ikimtetemeka kidogo: "Mimi najenga tena. La bluu nimeliweka juu ya la njano." Mayowe yanaongezeka. "Vizuri, ameongeza kwa sababu umeacha kumtazama. Pumua. Shusha mabega. Sauti ndogo zaidi." Sekunde thelathini. Arobaini. Mtoto ananyamaza ili avute pumzi, anainua kichwa kuangalia kinachojengwa. "Sasa hivi! Msifu." Na mzazi: "Nimefurahi umeinuka kuja kuangalia. Hili jekundu ni lako." Wengi huikosa nafasi ya aina hiyo kwa sababu wako bado katika hasira zao wenyewe, na utulivu wa sekunde mbili haupigi kelele. Kocha ameusikia kwa niaba yao.

Mayowe kuongezeka kabla ya kupungua si ishara kwamba njia imeshindwa. Kitu kilichokuwa kikimpatia mtoto macho ya mzazi kimeacha kufanya kazi, naye anajaribu nguvu zaidi. Kosa linaloharibu kila kitu ni kukubali katikati. Mzazi aliyepuuza dakika nne kisha akakata tamaa na kutoa alichokataa amemfundisha mtoto kwamba bei ni dakika nne. Afadhali angekubali tangu mwanzo.

Dakika hizo zina mwisho, na ni vyema mzazi aujue kabla hajaingia. Mwaka 2003 Michael Potegal na Richard Davidson walichapisha uchambuzi wa milipuko ya watoto 335 wa kati ya miezi 18 na 60: robo tatu ilikwisha ndani ya dakika tano au pungufu. Mwaka 2011 Potegal na wenzake walichapisha utafiti mwingine uliotumia vinasa sauti vilivyoshonwa ndani ya nguo za watoto, na wakaonyesha kwamba kupiga mayowe na kufoka kunakwenda pamoja na hasira, ilhali kulia na kulialia kunakwenda pamoja na huzuni, na kwamba viwili hivyo vimechanganyika ndani ya mlipuko mmoja. Makocha wazuri huwafundisha wazazi kusikiliza tofauti hiyo. Neno la upole likitupwa juu ya ufokaji huchochea moto. Likingoja mpaka kibaki kilio tu, hupokelewa.

Kupuuza kuna mipaka. Kulia, kununa, kulalamika, kujilaza chini, maneno ya jeuri: hayo yanapuuzwa. Kupiga, kung'ata, kuvunja vitu, kupanda mahali pa hatari: hayo hayapuuzwi. Katika awamu ya kwanza mchezo unasitishwa hapo hapo kwa sentensi moja, "Muda wetu wa kucheza umekwisha kwa sababu umenipiga," bila hotuba ya nyongeza. Na mtoto anayeumwa, mwenye njaa au aliyezidiwa na usingizi si mgomvi. Anahitaji anachohitaji, na kocha anayekwambia umpuuze huyo hajaisoma kazi yake.

Awamu ya pili ndiyo ile wazazi waliyoijia. Hufunguliwa tu baada ya namba za awamu ya kwanza kufikiwa, na hilo ni jambo la busara: nidhamu inayoletwa na mtu ambaye mtoto anafurahia kuwa naye haifanani na ile inayoletwa na mtu anayemkwepa.

Hapa kila amri ina umbo lake. Iwe moja kwa wakati, iseme kinachotakiwa badala ya kinachokatazwa, iwe ndani ya uwezo wa umri wake, itamkwe kwa sauti ya kawaida, na isiwe swali. "Utavaa viatu?" ni swali, na "Hapana" ni jibu halali. "Hebu tuokote vitu" inaahidi kwamba mzazi naye ataokota. "Kuwa mtoto mzuri" haishikiki. "Tulia!" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inatoka mdomoni haraka kuliko neno lolote na mtoto wa miaka mitatu hajui inahusu mikono, miguu au mdomo. Weka mahali pake kitu kinachoonekana: "Kaa hapa karibu nami, tafadhali." Badala ya "Acha kukimbia," sema "Tembea." Sababu ya amri, kama ipo, inatangulia amri au inakuja baada ya mtoto kutii. Ikifuata amri papo hapo, mtoto anashika sababu na kuijadili.

Kisha hatua zenyewe, ambazo mzazi hukaririshwa neno kwa neno:

"Weka kitabu juu ya meza, tafadhali." Sekunde tano za kimya. Mtoto akianza kutii, sifa inayotaja tendo, kwa furaha, na mambo yameishia hapo.

Asipotii: "Usipoweka kitabu juu ya meza, utakaa kwenye kiti." Sekunde tano nyingine. Onyo ni moja tu. Hakuna kuhesabu mpaka tatu kwa sauti, hakuna "mara ya mwisho nakwambia", maana mara ya mwisho ikirudiwa inakuwa ya kwanza.

Asipotii tena: "Hujafanya nilichokwambia, kwa hiyo utakaa kwenye kiti." Anapelekwa upesi na bila maneno mengine. "Kaa hapa mpaka nitakapokwambia uondoke."

Dakika tatu, na zikiisha, sekunde tano za utulivu mfululizo kabla ya kusema naye. Dakika ni tatu kwa kila umri. Ile kanuni ya dakika moja kwa kila mwaka wa mtoto haitumiki hapa. Zile sekunde tano ndizo watu huzisahau. Ukimwondoa mtoto akiwa bado anapiga kelele, umemwambia kelele ndizo zilizomtoa.

"Umekaa kimya kwenye kiti. Uko tayari kuja kuweka kitabu juu ya meza?" Akikataa, anabaki, na muda unaanza upya. Akikubali na kufanya, mzazi anasema "Sawa" tu, bila shangwe. Hapo hapo anatoa amri nyingine ndogo, mathalani "Sasa nipe kalamu," na mtoto akitii hii ya pili kwa mara ya kwanza, ndipo sifa zinamwagwa. Mpangilio huu una akili kuliko unavyoonekana: kutii baada ya kiti kunapata kibali, kutii bila kiti kunapata sherehe, na mtoto huiona tofauti haraka sana.

Angalia kitu kimoja ambacho wengi huelewa kinyume. Kiti si adhabu ya kulia. Mtoto anayetii huku analia na kunung'unika ametii, na anasifiwa kwa kutii, kilio kinapuuzwa. Mzazi anayempeleka mtoto kitini kwa sababu ya kugaragara pekee ameiacha huduma na kurudi kwenye mazoea yake, safari hii akiwa na fanicha.

Kiti chenyewe kiwe cha mtu mzima, kizito, kisichozunguka wala kuanguka, mbali na ukuta kiasi cha mtoto kutofikia kupiga teke, mbali na televisheni na vitu vya kuchezea. Kitanda hakifai na kona ya michezo haifai. Kabla ya siku ya kwanza mtoto huonyeshwa utaratibu mzima kwa kutumia mwanasesere: mwanasesere anaambiwa, anakataa, anaonywa, anakaa, ananyamaza, anatii. Na hapa kuna sharti ninaloliheshimu: mzazi haruhusiwi kutumia kiti nyumbani mpaka awe amepitia kikao angalau kimoja cha kiti akiwa na kocha sikioni. Kikao hicho cha kwanza mara nyingi huwa kirefu na cha jasho, na mzazi akiwa peke yake ndipo angepandisha mkono.

Baadaye utaratibu hupanuliwa taratibu: kwanza amri za mchezoni, kisha kukusanya vitu, kisha amri za kweli za siku nzima, kisha kanuni moja au mbili za nyumba, kama kutopiga, ambazo zikivunjwa mtoto huenda kitini bila onyo. Mahali penye watu huja mwishoni kabisa. Mzazi ambaye shida yake yote ni mlipuko wa hadharani atangoja wiki nyingi kabla ya kufika huko, na watoa huduma wangefanya vyema kumwambia hivyo siku ya kwanza. Kiwango cha kufaulu awamu hii: angalau asilimia 75 ya amri ziwe na umbo sahihi, na asilimia 75 zifuatiliwe kwa hatua sahihi.

Mahali panapoharibika nyumbani panajulikana. Sekunde tano huhesabiwa upesi na mtu mwenye hasira. Zihesabu moyoni kwa maneno marefu, elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Mzazi huongea mtoto akiwa kitini, "Unaona sasa? Si nilikwambia?", na kila neno ni mazungumzo, kwa hiyo kiti kimekuwa baraza. Amri hutolewa wakati mzazi hana nafasi ya kuifuatilia, akiwa na simu mkononi au mlango uko wazi tayari kuondoka. Kanuni ni nyepesi: kama huna dakika kumi za kufuatilia, usitoe amri, mbebe au mvalishe mwenyewe, kimya. Na wazazi wawili wakiwa na hatua mbili tofauti, mtoto atachagua wa kumwendea, kwa hiyo wote wawili wavae kifaa kwa zamu.

Sehemu ninayoipenda kidogo kuliko zote ni ile ya mtoto anayeshuka kitini kabla ya wakati. Mfumo wa asili unampeleka kwenye chumba cha pembeni kwa dakika moja na sekunde tano za utulivu, kisha anarudi kitini kuanza upya. Kwenye kituo, chumba hicho ni kitupu, kina mwanga, na mtu anamwona mtoto muda wote. Nyumbani si kila familia ina chumba kama hicho, na mzazi aliyepandwa na hasira huku akifunga mlango ni picha isiyopendeza. Kuna njia mbadala inayotumiwa na baadhi ya makocha: mzazi anakusanya vitu vya kuchezea na kutoka yeye, akimwacha mtoto katika chumba salama. Kwa mzazi ambaye kinachomshinda ni mikono yake mwenyewe, hii ya pili ni bora zaidi, kwa sababu hailazimu kumshika mtoto. Iombe mapema, usingoje siku ya kiti.

Je, inafanya kazi kwa mzazi anayeshindwa kujizuia hasa? Ushahidi mzito kuliko wote ninaoujua unatoka huko huko. Mwaka 2004 Mark Chaffin na wenzake walichapisha jaribio la wazazi 110 ambao walikuwa wameshawahi kuwaumiza watoto wao. Kwa kipindi cha kati cha siku 850 za ufuatiliaji, waliopitia PCIT, pamoja na vikao vya kuwaandaa kuitaka, asilimia 19 waliripotiwa tena kwa kuumiza. Kwa waliopewa kundi la kawaida la mafunzo ya malezi, ilikuwa asilimia 49. Cha kuvutia ni kwamba kundi la tatu, lililoongezewa huduma nyingine za ziada juu ya PCIT, halikufanya vizuri kuliko PCIT peke yake. Kumwongezea mzazi aliyezidiwa miadi mingine si lazima kumpunguzie mzigo.

Upande wa kasoro, kubwa ni kwamba wengi huacha njiani. Kazi ya nyumbani ni dakika tano za mchezo kila siku, na fomu ya kujaza, na zinasikika kama hakuna kitu mpaka uzikose siku nne mfululizo. Bila hizo dakika tano, kocha anatumia kikao kizima kurudisha mdomo pale ulipokuwa wiki iliyopita, vikao vinaongezeka, mzazi anachoka. Usizitumie kama zawadi ya kupokonya pia. Siku mtoto aliyogaragara asubuhi ndiyo siku zinapohitajika zaidi.

Huduma ya video ina faida yake, kwa sababu milipuko hutokea kwenye sakafu ile ile inakotokea kila siku, si kwenye chumba cha kituo ambako mtoto ni mgeni na ana adabu. Kinachotakiwa ni kamera inayoona chumba chote, kifaa cha sikioni kisicho na waya chenye chaji kamili, na mtandao usiokatika. Sauti ikichelewa sekunde mbili, neno la kocha linafika wakati utulivu wa mtoto umeshapita, na mzazi anasifu kelele. Jaribu kifaa siku moja kabla, mtoto akiwa amelala.

Isimfae nani? Mtoto aliyepita miaka 7 ameshatoka kwenye umri wake. Mtoto ambaye milipuko yake kwa kawaida inazidi dakika 25, anayejiumiza mwenyewe, au anayelipuka zaidi ya mara tano kwa siku, apelekwe kwanza kwa daktari wa watoto au mtaalamu wa ukuaji, kisha ndipo swali la PCIT liulizwe. Na mzazi ambaye hivi sasa anaogopa atamdhuru mtoto asingoje foleni ya usajili: amweke mtoto mahali salama, atoke chumbani, amwite mtu mzima mwingine.

Kabla ya kulipa, uliza maswali manne. Je, kocha anahesabu kwa karatasi dakika tano za kwanza za kila kikao na kukuonyesha namba? Je, maelekezo yanakuja sikioni mchezo ukiendelea, au mnazungumza baadaye tu? Je, huduma inaisha kwa namba au kwa tarehe? Na mtoto akishuka kitini, wao hufanya nini? Asiyejibu la kwanza na la pili kwa "ndiyo" anauza ushauri wa malezi wa kawaida, ambao unaweza kuwa mzuri, lakini hautakuwa sikioni mwako mnara ukianguka.